Mwenye Akaunti

Kila mji una mtu mmoja ambaye ukimgusa pale panapomuuma, hutamaliza kumsikiliza. Thunder Bay, kule Kanada, upande wa Port Arthur, mtu huyo alikuwa Wendell Koskela, na palipomuuma ni kwenye magemu ya kompyuta. Si kuyacheza, maana kucheza alicheza na mvi zake, ni kuyanunua. Ukithubutu kumwambia umenunua gemu mtandaoni, atakuuliza duka gani. Ukimtajia, atakutazama kwa huruma, kama daktari aliyekwisha kuona picha ya mapafu yako, halafu atakwambia, "Hujanunua wewe. Umeazima."

Rollie Deschamps alishamzoea. Walikuwa mafundi wawili wa kompyuta za shule, na mchana walikaa ndani ya gari la kazi, injini ikiunguruma kwa sababu ya baridi, kila mmoja ameshika persian yake, ule mkate wa kukaanga wenye sukari ya waridi juu, unaochafua ndevu. Rollie alichokoza kwa makusudi.

"Jana nimenunua gemu la hoki."

"Duka gani?"

"Mnara."

"Mungu wangu, Rollie! Mtu mzima na akili zako! Kesho Mnara wakiamka vibaya, hoki yako iko wapi?"

"Si iko kwenye kompyuta yangu?"

"Iko kwako, ufunguo wanao wao. Cha kuazima hakisitiri matako, ndugu yangu."

"Yangu leo yamesitiriwa na suruali mbili. Kula mkate wako huo."

Nieleze kidogo, maana wapo waliobahatika kutoyajua mambo haya. Gemu la kompyuta siku hizi haliuzwi ndani ya kasha. Unaweka kwanza programu ya duka kwenye mashine yako. Programu hiyo ndiyo inayokuuzia, ndiyo inayokushushia gemu, na ukitaka kucheza ndiyo inayokusimamisha mlangoni ikuulize wewe nani. Huko kuulizwa ndiko kufuli. Mnara, duka kubwa kuliko yote, lilikuwa na kufuli la adabu: likishaijua mashine yako linakuacha ucheze hata mtandao ukikatika. Kibanda, lililogawa magemu ya bure kila wiki kama mtu anayetafuta kura, liliuliza kila siku, na mtandao ukikatika lilikugeuka kama halijawahi kukuona. Kapu, duka dogo la wakaidi kama Wendell, halikuwa na kufuli hata moja. Ukilipa unapewa faili yako, uiweke kwenye diski, uifukie bustanini ukipenda. Itafunguka hata duka likifa.

Yote hayo Wendell aliyaandika kwenye ukurasa wake wa mtandaoni, kila duka na kufuli lake, bila kulipwa wala kuombwa. Na chuki yake haikuanzia kwenye kompyuta. Baba yake, mzee Eino, alifanya kazi kwenye ghala la nafaka kule ziwani. Asubuhi moja tajiri alilifunga bila kuaga, akabadilisha makufuli, na sanduku la zana la mzee likabaki ndani. Mzee alikwenda kuliomba, akaambiwa alete ushahidi kwamba ni lake. Ushahidi gani, na jina lake lilichongwa kwenye mpini wa nyundo iliyofungiwa humo humo? Wendell, mtoto wa shule wakati ule, alimwona baba yake akirudi mikono mitupu, na hilo likamtosha maisha.

Watu wa mbali walimsoma, wakamwandikia kumuuliza. Siku moja mama mmoja wa jimbo la Alberta alimwandikia kwamba mwanawe amefariki, na anataka kuendelea kuyafungua magemu ya kijana wake ili wajukuu wayacheze. Je, awataarifu wenye duka? Wendell alimjibu palepale. "Mama, pole sana. Usiwataarifu. Akaunti hairithiwi, duka lolote lile. Wakijua mwenyewe hayupo wanaifunga. Ukiulizwa, wewe ndiye yeye. Ni neno moja tu." Akaenda kunywa kahawa yake, ameridhika kwamba amemsaidia mtu.

Sasa mtu huyu alikuwa na binti mmoja, Kaija, na binti ndiye aliyemshinda. Kaija alikuwa akihudumia wanyama kwenye kliniki moja kule Dryden, mbali kidogo kwa barabara, na Jumapili moja alipiga simu.

"Baba, nimetununulia gemu. La kujenga kijiji. Tunacheza wawili, wewe huko, mimi huku."

"Duka gani?"

"Nilijua tu! Hata asante hakuna."

"Asante. Duka gani?"

"Mnara."

Wendell akaguna.

"Baba, usinune bwana. Kwenye Kapu lipo, lakini huwezi kuingia kwangu. Kwa Mnara nabonyeza tu, umo."

"Na hicho kijiji kitakuwa cha nani?"

"Changu. Kinakaa kwenye akaunti yangu. Wewe ni mgeni wangu."

"Mgeni! Na uzee huu!"

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe lako liko tayari, njoo ulime."

Basi akaenda akalima. Mtu aliyewafokea wageni mtandaoni kwa kuingia Mnara, mwenyewe aliingia Mnara kila Jumapili mchana, na hakuthubutu kuandika habari hiyo kwenye ukurasa wake. Kaija alijenga kwa fujo na Wendell akapita nyuma yake akinyoosha, mpaka binti akaanza kumsimikia vibao. Kimoja kilisema, "Ukuta huu umepinda kwa makusudi, Baba, toa mkono." Kingine, mlangoni mwa nyumba ya kwanza: "Hapa hapana kufuli, Wendell Koskela. Ingia na uache kelele." Palikuwa na mbuzi dume mbishi aliyekula uzio, naye akaitwa Rollie. Palikuwa na nyumba kando ya maji, yenye sauna ya kuogea mvuke ubavuni na dohani refu kupita kiasi, nayo ni ya Mama, ingawa mama mwenyewe, Joyce, hakuwahi kukigusa kijiji kile. Alikuwa akipita na kapu la nguo, anatupa jicho kwenye skrini, anasema, "Watu wazima wawili wanafuga mbuzi wa umeme," kisha anaendelea na safari yake.

Novemba moja Kaija alikuwa anakuja nyumbani kwa mapumziko. Karibu na Upsala barabara ilikuwa na ile barafu nyeusi isiyoonekana, na lori likateleza likaja upande wake. Sisemi zaidi, kwa sababu Wendell mwenyewe hakusema zaidi. Watu wa kanisani walileta vyakula kwenye mabakuli ya kioo yaliyoandikwa majina chini, wakasema yale yanayosemwa, na Wendell akayajibu yote kwa kutikisa kichwa. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mimi nilikuwa pale na bakuli langu, na sikujua kitu.

Baada ya mazishi alikwenda Dryden kuvichukua vitu vyake. Kompyuta aliifunga kwenye blanketi, akaiweka kiti cha mbele, akaifunga mkanda. Alipofika nyumbani aliitegesha chumbani kwa Kaija, na kabla ya kuiwasha alihakikisha haina njia ya kuufikia mtandao. Alikuwa anajua anachofanya, Mnara lisipate nafasi ya kuuliza wewe nani. Programu ya Mnara ilitafuta mtandao, ikaukosa, ikaitambua mashine, ikamruhusu. Kijiji kikafunguka. Moshi ulikuwa unatoka kwenye dohani, mbuzi Rollie amesimama katikati ya kabichi. Wendell hakugusa kitu. Alikaa tu, akatazama jua la mle ndani likichwa, akazima.

Jumapili iliyofuata Joyce alimfuata mle chumbani, mikono bado ina maji ya vyombo.

"Nionyeshe na mimi," alisema.

"Wewe? Si mbuzi wa umeme hawa?"

"Wendell, nionyeshe."

Akamketisha kwenye kiti, akamfundisha kidole kipi kinapeleka mbele na kipi kinageuza. Joyce aliparamia ukuta, akaingia majini, akajikuta uso kwa uso na yule dume. "Huyu ananitazama hivi ana nini?" alisema, na mara akacheka, kicheko cha kwanza ndani ya nyumba ile tangu Novemba, kisha akajifuta macho kwa taulo la jikoni. Tangu siku hiyo, Jumapili baada ya supu, walikwenda kijijini pamoja. Joyce alitembea polepole, akasoma kila kibao kwa sauti. Nyumba yake aliifikia, akaingia, akasimama mbele ya rafu ambazo juu yake Kaija alipanga mikate. Alitazama rafu moja, akasema, "Inatosha kwa leo." Hakupenda kuharakishwa.

Rollie, yule mwenye miguu miwili, alimuuliza Wendell kama amekinakili kijiji. Swali gani hilo! Alikuwa amenakili kwenye diski tatu. Lakini faili za kijiji zilikuwa zimefumbwa kwa ufunguo wa akaunti ya Kaija, na ufunguo ulikaa Mnara. Wapo vijana mtandaoni wanaovunja makufuli, na Wendell, ambaye hakuwahi kuiba hata penseli, aliwaendea kwa unyenyekevu. Waliweza kulivunja gemu likafunguka, lakini likafunguka tupu, kisiwa kitupu chenye nyasi. Kijiji hawakukiweza.

Machi ile kompyuta ilizimika mbele yao, ikatoa harufu ya kuungua. Bodi kuu imekufa. Kwa fundi kama yeye si kazi. Alipata nyingine ya aina ileile, akaifunga, mashine ikawaka. Lakini kufuli la Mnara huitambua mashine kwa bodi yake, na kwa kufuli, hii ilikuwa mashine ya mtu mwingine. Programu ikaomba mtandao. Akaupa, maana hapakuwa na njia nyingine. Ikaandika: mashine hii siijui, nimetuma namba ya siri kwenye simu yako, iandike hapa.

Simu ya Kaija ilikuwa kwenye droo. Haikulia. Joyce alikuwa ameshairudisha ile laini kwa kampuni ya simu, pamoja na kadi ya benki na leseni ya gari, mambo ambayo mtu akiondoka jamaa zake huambiwa wayamalize.

"Ni mimi," Joyce alisema, amejishika mdomo. "Ni mimi nimeikata."

"Si wewe," Wendell alisema. "Yeye alitaka namba ije kwa barua pepe tu. Mimi ndiye niliyemwambia aweke simu, ni salama zaidi. Nilimsumbua wiki nzima mpaka akaweka."

Ikabaki njia moja, kuzungumza na watu wa huduma wa Mnara. Rollie alimwambia wazi ndani ya gari, safari hii bila utani.

"Unawajua hawa kuliko mtu yeyote. Waambie wewe ni Kaija, wabadilishe namba ya simu, basi."

"Najua."

"Umewafundisha watu wangapi?"

"Nimesema najua, Rollie."

"Mganga hajigangi, ndiyo maana nakukumbusha. Wakikuuliza, unasema ndiyo. Usianze hotuba zako za makufuli."

Alifanya Jumapili mchana, kwa sababu Jumapili ndiyo ilikuwa siku yao. Joyce alikuwa jikoni akipasha kahawa. Wendell alifungua dirisha la mazungumzo, akajaza jina la akaunti, akangoja. Baada ya muda mtu akaingia.

"Habari Kaija! Mimi naitwa Marisol. Nikusaidie nini leo?"

Wendell alilitazama neno lile. Tangu Novemba watu wote wa mji walikuwa wakilitamka jina la binti yake kwa sauti ya chini, kama kitu kinachovunjika, au wakilikwepa kabisa na kusema "yeye". Hakuna aliyemsalimia. Na huyu hapa, msichana asiyemjua, yuko sijui wapi, anamsalimia Kaija kama mtu aliyekutana naye sokoni.

Aliandika kwamba amebadilisha bodi, na namba ya simu haipo tena.

"Pole kwa usumbufu, Kaija. Tutalimaliza hili. Nitakuuliza maswali mawili matatu, sawa?"

Aliulizwa tarehe ya kuzaliwa. Aliijua, theluji ilikuwa imeziba barabara siku hiyo na yeye ndiye aliyekuwa akiendesha. Aliulizwa gemu la kwanza kununuliwa kwenye akaunti. Aliulizwa mji. Yote alijibu kwa usahihi, na kwa kila jibu yule msichana aliandika, "Vizuri sana, Kaija," "Asante, Kaija," "Umebakiza kidogo, Kaija." Wendell akajikuta anachelewesha majibu. Aliandika herufi moja, akafuta, akaandika tena, ili msichana aulize kama bado yupo. Na msichana aliuliza. "Bado uko nami, Kaija?" Kama angeweza, angekaa pale mpaka jioni akiulizwa maswali.

"Sawa, la mwisho, huu ni utaratibu tu," Marisol aliandika. "Thibitisha kwamba wewe ndiye Kaija Koskela, mwenye akaunti hii."

Neno moja tu. Alilijua, alishaligawa bure kwa nusu ya Kanada. Vidole vilikuwa juu ya herufi. Na pale pale akaona anachoombwa: ajitie ndani ya jina la mtoto wake, alivae, na kuanzia leo kila anayemsalimia Kaija awe anamsalimia yeye, mzee wa miaka sitini mwenye sukari kwenye ndevu. Jina lilikuwa la Kaija. Binti hakuwa na kitu kingine kilichobaki cha kwake peke yake.

"Hapana," aliandika. "Mimi ni baba yake. Kaija amekufa."

Hakuwa amewahi kulisema neno lile, kwa mdomo wala kwa maandishi. Lilikaa pale kwenye skrini, fupi.

Marisol aliandika polepole; Wendell aliona jinsi sentensi ilivyoanza, ikasita, ikaanza upya.

"Samahani, mtandao wangu leo unasumbua. Ujumbe wako wa mwisho haukunifikia. Naomba nirudie swali. Wewe ndiye Kaija Koskela, mwenye akaunti?"

Wendell hakuwa mjinga. Alielewa kabisa alichofunguliwa. Maisha yake yote alikuwa akilaani milango, na huyu msichana wa watu, ambaye pengine angefukuzwa kazi, alikuwa ameushika mlango kwa mguu wake usijifunge. Alilia hapo, machozi ya kweli, puani na kwenye ndevu. Alimpenda yule msichana kwa dakika ile kama alivyowahi kumpenda mtu yeyote.

"Ulinifikia," aliandika. "Asante, mwanangu. Lakini siwezi."

"Pole sana, baba," Marisol aliandika. "Pole sana." Halafu yaliyofuata hayakuwa maneno yake tena, yalikuwa yale maandishi yaliyoandaliwa kabla, marefu na yenye heshima, yanayosema kwamba akaunti ni ya mtu mmoja, haihamishwi wala hairithiwi, na kwamba kwa taarifa iliyopokelewa inafungwa. Dirisha likajifunga. Programu ya Mnara ikamtoa nje, ikarudi mwanzo kabisa, ikimkaribisha mteja mpya ajiandikishe.

Joyce aliingia na vikombe viwili.

"Wamefungua?"

"Hapana."

"Wamesemaje?"

"Wameniuliza kama mimi ni Kaija."

Joyce alivitua vikombe mezani, taratibu, kimoja kimoja. "Ukawaambia ndiyo."

Wendell alivuta kikombe kimoja karibu yake.

"Wendell. Ulisema ndiyo?"

"Niliwaambia amekufa."

Joyce hakupaza sauti, na Wendell angeona heri angepaza. "Neno moja," alisema. "Watu usiowajua umewafundisha neno moja. Yule mama wa Alberta ulimfundisha. Mimi ndiye usingenifanyia?"

"Sikuweza, Joyce. Nilijaribu, mara mbili. Sikuweza kuwa yeye."

"Mimi ningeweza," Joyce alisema. "Ungeniita tu. Nilikuwa hapo jikoni, ningesema mimi ndiye."

Hilo hakuwa amelifikiria, yeye aliyekuwa na la kusema kwa kila mtu.

"Nilikuwa sijapanda ghorofani," Joyce alisema. "Mle kwenye nyumba yangu. Palikuwa na ngazi, na juu palikuwa na taa inawaka. Kila Jumapili nilikuwa nasema, si leo. Nilikuwa naogopa nikishapaona, kijiji chake kitakuwa kimeisha."

Wendell alisogea kwenye kiti, akampa nafasi. Joyce hakukaa kwanza, halafu akakaa, na kahawa ikapoa mbele yao wote wawili.